Jamii Ina Watu Wangapi

Jumatano, 1 Mei 2024

Nilisahau kuwa leo Mei Mosi. Saa kumi na moja alfajiri nimeshamwamsha Kaka, nimempigia pasi shati lake la mistari, tumepanda bodaboda mshikaki hadi kituo cha afya, geti tumelikuta na kufuli. Mlinzi anasema leo dharura tu. Nikamwambia nina mtu wa sindano ya mwezi. Akasema hiyo si dharura, njooni Jumatano ijayo. Yuko sawa. Ikishakuwa dharura hawatatufungulia geti kwa ajili ya sindano, watatufungulia kwa ajili ya polisi.

Kaka hakusema neno. Alisimama kwenye ubao wa matangazo akasoma yote kwa sauti, mpaka namba za simu na muhuri. Kisha: "Huduma wameiandika hudma." Nikaangalia. Kweli.

Mvua imetupiga njia nzima ya kurudi. Sindano ya mwisho 3 Aprili. Leo siku ya 28.

Jumamosi, 4 Mei

Redio siku nzima ni kimbunga Hidaya. Boti za Unguja zimesimama, watu wa pwani tumeambiwa tukae chonjo. Huku kwetu kimekuja upepo na mvua, bati moja la jiko limeinuka upande. Sikushona, umeme haupo na cherehani ya miguu inataka mkanda mpya. Kaka amekaa barazani anahesabu magari yanayopita barabara ya Tanga. Jioni kaniletea hesabu: malori, mabasi, "na madogo". Siku ya 31.

Jumatano, 8 Mei

Sindano hakuna. Muuguzi wetu kijana alinionyesha sanduku tupu kabisa, kama vile nilimshuku kuwa ameificha. Anasema oda imeombwa. Ametupa vidonge: klopromazini usiku, na benzeksoli ya kulegeza misuli. "Mpe mwenyewe, dada, na uhakikishe amemeza." Hilo nalijua tangu yeye hajaanza shule.

Niandike hapa jinsi inavyofanya kazi, maana binti yangu anayesomea uuguzi alinieleza vizuri na mimi husahau. Ile sindano ni dawa iliyotiwa ndani ya mafuta. Inakaa kwenye nyama ya tako inatoka kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana ukiikosa mtu haharibiki siku hiyohiyo. Ni kibatari kilichoishiwa mafuta: utambi unaendelea kuwaka, ukishangaa moshi mweusi ndiyo unajua.

Vidonge Kaka havipendi, na mimi simlaumu. Klopromazini inamkausha mdomo hadi ulimi unagonga kama ubao, na akikaa juani ngozi inaungua. Halafu kuna ile ya 2003. Hospitali moja (siitaji) walimchoma haloperidoli wakamrudisha nyumbani bila dawa ya kulegeza. Usiku shingo ikapinda, macho yakageukia juu yakabaki meupe, taya limekaza. Mama, Mungu amrehemu, akasema jini limepanda. Akaletwa mganga, ubani, kombe, kuku mwekundu. Siku mbili. Mpaka jirani mmoja aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi akapita, akamwangalia, akasema huyu amekamatwa na dawa, mpelekeni apewe benzeksoli. Ilichukua nusu saa shingo kurudi. Mganga hela alishakula.

Leo pia palikuwa na ugeni kutoka juu, tukakusanywa chini ya mwembe, ndugu wa wagonjwa wote. Bwana mmoja wa suti akasema ulimwengu umeacha kuwafungia watu hospitalini, huduma sasa zinarudi katika jamii. Jamii ndiyo yenye mtu wake. Jamii ielimishwe. Tukapiga makofi. Sindano hakuizungumzia.

Kwenye pikipiki Kaka ameniinamia sikioni: "Ametaja jamii mara kumi na tisa."

Jumapili, 12 Mei

Ile kumi na tisa imenikaa kichwani. Kama jamii ndiyo yenye mtu, na ihesabiwe basi. Nimekaa na daftari baada ya kufunga oda ya sare za madrasa.

Mimi. Binti yangu, kwa simu. Bibi wa vitumbua: asubuhi anampa viwili vya kwanza vya moto, tumbo lisipokee dawa likiwa tupu, na anamwambia "achama nione" kama mtoto. Sijamwomba hata siku moja. Mangi wa dukani, anamuuzia sigara nne kwa siku, ya tano hampi hata alie. Kinyozi, Ijumaa moja baada ya nyingine, kabla ya swala. Hakuna mtu mwingine Kaka anayemruhusu kusogeza wembe shingoni. Imamu. Tajiri wa machungwa, anampa kazi ya kuhesabu msimu ukifika. Muuguzi kijana. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyeandika barua ya msamaha wa matibabu bila kunizungusha, japo kalamu ilikuwa yangu na karatasi yangu. Jirani wa ukuta mmoja, akisikia kishindo usiku anagonga ukuta mara mbili, nami nikiwa salama nagonga mara mbili. Mjomba wa Korogwe, gunia la mahindi kila mavuno.

Kumi na mmoja.

Tulizaliwa saba. Wawili wamekufa, watatu wako mijini. Hao hutuma salamu, na salamu haziliwi wala hazimezwi.

Jumatatu, 27 Mei

Siku ya 54.

Halali. Nasikia ndara zake uani, kutoka choo hadi mlango, mlango hadi choo. Redio ameizima, anasema wanamsikiliza yeye. Lakini mimi dalili yangu ni nyingine, na sijawahi kumweleza daktari yeyote kwa sababu itaonekana upuuzi: akianza kuharibika anaruka saba. Tano, sita, nane. Leo kahesabu vifungo nilivyomwagia mezani, akaruka.

Nikafikiri: vidonge. Mdomo nauangalia mimi na bibi wa vitumbua, vinakwenda wapi? Jioni nimevua pazia la chumba chake nilifue, pindo la chini ni zito. Nimefumua. Klopromazini kumi na moja, amezishonea ndani, kushona kwa mkono, mshono wa kuficha, mdogo na ulionyooka kuliko wa wanafunzi wangu wawili. Mama alitufundisha wote.

Nimekaa kitandani kwake na zile tembe kiganjani, nikacheka, halafu nikalia.

Jumamosi, 1 Juni

Kufuli liko kwenye droo ya cherehani. Leo nimelishika.

Sijawahi kuandika hili popote. Mwaka 2016, mwezi wa tisa, nilimfungia Kaka chumbani usiku kumi na moja. Kufuli kwa nje, ndoo ndani, chakula kupitia dirishani. Mama alikuwa amefariki arobaini haijaisha, binti yuko la sita, mimi nina oda ya harusi. Alikuwa anatoka usiku kwenda barabarani kusimamisha malori. Nilijiambia ni kwa usalama wake, na ilikuwa kweli, na pia nilitaka kulala. Usiku wa tano aliacha kugonga. Huo ndio ulionitisha zaidi.

Watu wanasema wanaofunga wagonjwa kwa minyororo kwenye miembe ni makatili. Nimewaona wawili watatu maishani. Hawakuwa makatili, walikuwa peke yao. Hilo halimfungui mtu mnyororo, najua.

Kufuli nimelirudisha. Binti anasema 2016 ilikuwa 2016.

Jumanne, 4 Juni

Jana. Mkono unatetemeka lakini niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Saa tisa usiku katoka, mimi usingizi umenichukua kwenye kiti. Akaenda pale malori ya machungwa yanapolala. Akapanda kichwa cha lori moja, akachukua daftari la hesabu la dereva, akashuka nalo, akaanza kulisahihisha chini ya taa ya kituo cha mafuta. Dereva akaamka, akapiga kelele ya mwizi.

Neno hilo likishatoka halirudi. Wapakiaji wanalala palepale, walikuwa juu yake kabla hata hajafunga daftari. Jiwe la kwanza limempata juu ya jicho. Kijana wa bodaboda, yule mtoto wa bibi wa vitumbua, alikuwa anasubiri abiria wa basi la alfajiri. Kaingiza pikipiki katikati ya watu, honi imekandamizwa, anapiga kelele, "Si mwizi! Ni Mhasibu! Ni Mhasibu wa machungwa!" Wakarudi nyuma kiasi cha kumpandisha tu.

Mhasibu. Jina walilompa kwa dhihaka miaka ile, watoto wakimfuata nyuma wakimwambia tuhesabie nzi. Jana limemwokoa. Wasingemjua kwa jina lolote sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nyuzi nne. Kijana hakutaka hela ya mafuta. Nimemwongeza kwenye orodha. Kumi na wawili.

Jumatano, 5 Juni

Muuguzi kaitafuta sindano Tanga mjini kwenye maduka ya dawa, tajiri wa machungwa kalipa, kijana wa bodaboda kaifuata. Kachomwa saa nane mchana. Kaka aligeuza uso ukutani akahesabu kwa sauti. Tano, sita, nane, tisa.

Alhamisi, 6 Juni

Ndugu wa mijini wamepiga simu wote watatu siku moja, jambo ambalo halijatokea tangu mazishi. Wanasema apelekwe. Wapi? Mmoja anasema Mirembe. Kwetu Mirembe si hospitali, ni tusi. Mtoto akikosea hesabu anaambiwa wa Mirembe huyo. Nikamuuliza nauli ya Dodoma ya watu wawili na ya kwenda kumtazama kila mwezi anatoa nani, akasema mtandao unakatakata.

Kaka mwenyewe nilimuuliza kuhusu Lutindi. Alikaa kule miezi minne mwaka 2009. Pale mlimani juu ya Korogwe, mawingu yanaingia dirishani, chai pande zote. Wamisionari wa Kijerumani walipaanzisha 1896 pawe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mama alipompeleka alikuwa na hofu ya minyororo. Akakuta watu wanachuma chai na kusuka vikapu. Kaka alirudi amenenepa, kikapu mkononi, anasema tafadhali na asante. Kikapu ninacho, natilia vipande vya vitambaa.

Sina neno baya na Lutindi. Tatizo la Lutindi ni basi la kurudi. Unashuka stendi ya kwenu, mtu ametengenezwa vizuri, na watoto walewale wanakusubiri na wimbo uleule.

Kaka kajibu: "Msimu wa machungwa umeanza." Basi.

Jumatatu, 17 Juni

Iddi ya kuchinja. Siku ya kumi na mbili tangu sindano. Analala saa tano hivi. Asubuhi nimemwaga vifungo mezani kama bahati mbaya. Saba ipo.

Imamu amekuja baada ya swala, naye alikuwa na deni. Ramadhani hii Kaka alifunga, na vidonge akaviweka kando, ndipo moshi ulipoanzia kusema kweli, si Mei Mosi. Imamu wakati ule alimwita akamwambia kwa upole kwamba mtu mwenye maradhi kama yake kalamu imeinuliwa, haandikiwi dhambi, asijitese. Ni maneno ya rehema, sote tumeyasikia toka utoto. Kaka akamuuliza, "Na thawabu haziandikwi?" Imamu akanyamaza. "Kwa hiyo mimi nafunga, nahesabu siku ishirini na tisa, thelathini, na juu hakuna anayeandika?" Na akaondoka akisema, "Kalamu yangu nirudishieni."

Imamu tangu siku hiyo hakukaa vizuri. Leo kanywa chai yetu, akasema ameuliza kwa wanaojua zaidi. Akili ikiwa nawe, kalamu iko nawe. Ikiondoka, imeinuliwa. Ikirudi, imerudi. Basi mwakani tumuulize muuguzi dawa zipangwe usiku, na siku ambazo Kaka yuko sawa, afunge kama watu. Kaka kasikiliza macho chini. Kisha: "Nani anajua iko nami au haiko?"

"Wewe na dada yako," imamu akasema.

Halafu akampa kazi. Vifurushi vya nyama vya mayatima na wajane vilikuwa vimepangwa kwenye turubai msikitini na vijana wawili wamehesabu mara mbili, kila mara jibu lake. Kaka kahesabu: tisini na nne. Hakuna aliyerudia.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba, binti kapiga simu ndefu kwa sababu ana kifurushi cha bure. Wanafundishwa sasa somo hilohilo la jamii. Kuna mji Ubelgiji unaitwa Geel. Tangu enzi za kati wagonjwa wa akili walikuwa wanapelekwa pale kuhiji kwenye kanisa la mtakatifu Dymphna, kanisa likajaa, wenyeji wakaanza kuwalaza majumbani. Hawakuacha. Mwaka 1938 mji mdogo ule ulikuwa na wageni zaidi ya 3,700 ndani ya nyumba za watu, wanakula meza moja, wanakwenda shambani pamoja, na mwenye nyumba haambiwi hata mgonjwa wake ana ugonjwa gani. Mwaka juzi UNESCO wakauandika utaratibu huo kwenye orodha zao (binti kanisahihisha: mwaka jana, 2023). Sasa wageni wamepungua sana, hawafiki hata mia tatu, watu wanafanya kazi maofisini, hakuna wa kushinda nyumbani.

Nikamuuliza hizo familia zinapata nini. Akasema serikali inawalipa posho.

Wanalipwa! Nimecheka peke yangu barazani hadi jirani kagonga ukuta. Nikaanza kupiga hesabu ya miaka yangu ishirini na ushee kwa posho ya Ubelgiji, nikaishia kwenye nyumba ya ghorofa.

Akaniambia na nyingine, karibu zaidi. Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954, daktari Thomas Lambo alianzisha utaratibu wa Aro: mgonjwa anapanga chumba vijijini kuzunguka hospitali, anakwenda tiba mchana, jioni anarudi kijijini. Sharti: aje na ndugu yake mmoja wa kumpikia na kumwangalia. Huyu Lambo namwelewa. Alimwona yule mwingine aliyeshuka naye kwenye basi, akampangia mahali pa kulala. Miaka yangu yote ya mahospitali nimelala chini ya vitanda na kwenye korido, na fomu zina mstari wa mgonjwa na mstari wa daktari.

Mwisho binti kaniambia kwa furaha kwamba Shirika la Afya Duniani, kuanzia miaka ya 1960, lilifuatilia wagonjwa wa skizofrenia katika nchi tisa, na wa nchi maskini wakaonekana kupata nafuu kuliko wa nchi tajiri. Wengine wamebishana na matokeo hayo, lakini mwalimu wake anasema ni kwa sababu sisi tuna familia, tuna ujamaa. Nikamwambia mwulize mwalimu wako kama walimpima na bibi yako mgongo. Akanyamaza. Nikajuta kidogo. Alikuwa ananipa zawadi.

Jumatano, 24 Julai

Nimepeleka chakula kwenye machungwa mwenyewe, nikabaki kutazama. Sijawahi kumtazama akifanya kazi zaidi ya dakika moja.

Machungwa yanamwagwa kwenye majani makavu chini ya mwembe, rundo kama la kokoto. Wahesabuji wanne. Anainama miguu imenyooka, mkono wa kulia unachota matatu, wa kushoto mawili, yanarushwa pamoja upande wa pili: moja. Tena: mbili. Hatamki tano, kumi, anatamka mitupo tu. Akifika ishirini hiyo ni mia, anaweka chungwa moja pembeni kama karani, na anachora mstari kwenye kipande cha boksi kwa kalamu anayoiweka sikioni. Mistari minne wima, wa tano unakata. Anachofanya tofauti na wenzake, yaliyopasuka anayakuta kwa vidole bila kuangalia, anayaacha yadondoke miguuni na hayamkatishi hesabu. Wenzake wanaimba, wanataniana, wanapotea wanaanza upya. Yeye midomo inatikisika tu.

Mikono inatetemeka. Hiyo ni dawa. Inatetemeka hewani, ikigusa chungwa inatulia.

Tajiri hana huruma ya maneno. Anamlipa sawa na wengine, na akichelewa anamkata sawa na wengine. Nilimwambia mwaka jana asimkate, yule ni mgonjwa. Akanijibu, "Dada fundi, nikiacha kumkata nitaanza kumpa sadaka, na sadaka siku nikichoka nitaacha."

Mimi sikupenda jibu lile. Bado naligeuza.

Jumapili, 11 Agosti

Kinyozi anahamia Dar. Kapata kiti kwenye saluni ya shemeji yake Mbagala. Alikuja kuaga kwa heshima, na mimi badala ya kumtakia kheri moyoni nilikuwa nasema Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Kuna yule kijana mpya mwenye spika kubwa, Kaka hataki kuketi kwenye kiti chake, anasema muziki unamsema.

Kumi na mmoja.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimemnyoa mimi. Wembe sikuthubutu. Nimetumia mkasi wa kukatia kitambaa, ule mkubwa mweusi wa Mama, na chanuo. Kaketi kwenye kigoda uani, kanga imefungwa shingoni, macho kayafumba kwa nguvu. Mkasi ukikaribia sikio anashika pumzi. Nikaanza kumhesabia, mkato wa kwanza, wa pili. Nilipofika kumi akaachia pumzi. Kichwa kimetoka na ngazi kama matuta ya viazi. Alijitazama kwenye kioo cha wateja wangu muda mrefu. "Umekata upogo," akasema. "Ungekuwa kitambaa ungefumua."

Kenda msikitini hivyohivyo, kofia imefunika.

Jumapili, 25 Agosti

Leo kanikuta naandika. Sikuwahi kuficha daftari lakini sikuwahi kuliacha wazi. Nilikuwa naikagua orodha, nimemkata kinyozi, nimeweka 11 imezungushiwa duara.

"Hii ni nini?"

Ningeweza kudanganya kuwa ni madeni ya wateja. Nikamwambia ni jamii, ile iliyotajwa mara kumi na tisa. Kaivuta kwake. Kasoma taratibu, kidole kinashuka, kama anakagua daftari la lori. Kwa Mangi kidole kikasimama. Katoa kalamu sikioni.

"Huyu kwa nini?"

"Si anakuzuia sigara? Nne kwa siku."

"Nne kwa bei ya nane." Hakukasirika. "Anasema mtu kama mimi hasara yake kubwa, namfukuzia wateja. Ya tano hanipi kwa sababu hela inakuwa imekwisha." Akamkata, mstari mmoja ulionyooka.

Miaka mingapi nimekuwa nikimsalimia Mangi kwa shukrani, nikimshonea suruali kwa punguzo! Uso ulinipata moto. Nikataka kuamka saa ileile niende dukani, akanizuia kwa kiganja, bado hajamaliza. Chini kabisa kaandika, kwa ile hati yake ya tangu alipokuwa karani wa mkonge, iliyolala upande wa kulia: *Chai, kituo cha mafuta.*

"Nani huyo?"

"Anauza chai usiku. Pale kwenye malori."

"Anakupa chai?"

Akaniangalia kama nimesema jambo la kitoto. "Hanipi. Nakopa."

Kanipeleka chumbani kwake. Nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hapaonekani, ukutani kuna mistari ya mkaa. Minne wima, wa tano unakata. Makundi manne, na miwili pembeni. Kila asubuhi kabla ya adhana, wakati mimi nadhani yuko kitandani, anakwenda kunywa chai ya tangawizi kwa deni. Tangu Julai mosi. Si kila siku, anasema, siku za kazi tu.

Akahesabu orodha upya. "Kumi na mmoja. Haijabadilika."

Jumatatu, 26 Agosti

Nimekwenda saa kumi na moja kasoro, nimejifunika ushungi. Mzee wa makamo, jiko la mkaa, birika mbili, vikombe vya bati kwenye karai la maji. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni dada yake Mhasibu, nimekuja kulipa. Nilikuwa nimejiandaa kwa yale maneno: aah, dada, yule tunamsaidia tu, wala usijali. Nilikuwa hata na jibu.

Akavuta daftari kutoka chini ya meza. Lina majina ya madereva, wapakiaji, na kila jina na mistari yake. Mhasibu yuko katikati ya ukurasa, kati ya utingo mmoja na mlinzi. Ishirini na mbili.

"Mia tatu tatu," akasema. "Elfu sita na mia sita."

Nikampa elfu kumi. Akainyanyua kwenye mwanga wa taa ya pampu, akaikunja, akanihesabia elfu tatu na mia nne, mia za mwisho kwa sarafu. Akakata mistari ya Mhasibu.

"Mwambie asivushe tena mwisho wa mwezi," akasema. "Julai alinivusha."